Kiti cha Pikipiki Kisichotulia: Uchambuzi wa Kisa cha Kuchagua Vifungio

Usuli

Pikipiki inayozungumzwa hapa ni ya silinda moja, injini ya takriban cc 400, iliyobadilishwa sana upande wa nyuma. Mkia wa fremu ulikatwa, bomba lililopindwa likachomelewa mahali pake, na kiti cha kiwandani kikaenda stoo pamoja na kufuli lake. Mwenye pikipiki alitaka viti viwili vya kubadilishana: kifupi cha kuendea peke yake na kirefu cha kubebea abiria. Betri na fyuzi zilikuwa chini ya kiti, kwa hiyo hata wiki ambayo habadilishi kiti bado angelazimika kukifungua. Sharti lake lilikuwa moja, na alilirudia kila alipofika karakana: kiti kitoke bila spana.

Kazi ilipita mikononi mwa watu wawili, fundi wa kuchomelea aliyetengeneza mkia wa fremu, na mshonaji viti aliyetengeneza kitako cha faibaglasi kisha akakivisha sponji na ngozi. Majina yao, mahali na aina ya pikipiki nimeviondoa. Vipimo nimeviacha kama vilivyokuwa, kwa sababu ndivyo vinavyoeleza kilichotokea.

Ufungaji wa kwanza

Fundi alichomelea masikio manne ya bapa la milimita 3 kwenye fremu, mawili mbele na mawili nyuma, kila moja likiwa na tundu. Mshonaji naye alizika nati nne za M6 (kipenyo cha milimita 6) ndani ya faibaglasi, zile zenye kucha za kujichimbia ambazo kwa kawaida hutumika kwenye mbao. Kiti kiliwekwa juu ya masikio, kisha skrubu nne zenye vishikio vya plastiki zikaingizwa kutoka chini na kukazwa kwa vidole. Masikio yalikuwa yamepigwa rangi ya unga ya kuoka, nzito na yenye kung'aa. Hapakuwa na raba popote.

Kwa macho kazi ilipendeza. Kiti kilitoka haraka, mikono haikuchafuka, na mwenye pikipiki aliridhika. Fundi alimwonya siku ya kukabidhi: "Kaka, kinachokazwa kwa vidole kitafunguka kwa vidole." Jibu likawa kwamba ndicho hasa alichokitaka.

Mambo yalivyokwenda

Skrubu ya nyuma kushoto ndiyo iliyoanza kupotea. Ikanunuliwa nyingine, na safari hii kila skrubu ikavishwa washa ya springi. Baadaye ya nyuma kulia nayo ikaanguka pamoja na washa yake. Mwenye pikipiki akawa anakagua kila asubuhi na kila mara anakuta angalau moja imelegea, huku zile za mbele zikikataa kutoka kwa vidole hadi zishikwe kwa koleo, kwa kuwa thredi zake zilikuwa zimeanza kuumia.

Fundi akapendekeza gundi ya kufungia thredi, ile ya buluu inayofunguka kwa spana ya kawaida. Wazo lenyewe halikuwa baya ila halikufaa kazi hii. Gundi ya namna hiyo hushika pale inapokauka kati ya chuma na chuma, na kila ukifungua unaivunja. Usiposafisha thredi na kuipaka upya, unachofunga mara ya pili ni unga mkavu. Tena ikishika kweli, vidole haviifungui, na sharti la bila spana limeishia hapo.

Jaribio lililofuata lilikuwa la vifungio vya robo mzunguko, vile vinavyoitwa Dzus, vilivyoenea kwenye vifuniko vya ndege na kwenye maganda ya pikipiki za mashindano. Mwenye pikipiki alivipenda mno: unasukuma, unazungusha kidogo, unasikia mlio, umemaliza. Viwili vilifungwa nyuma. Cha kulia kilibana vizuri. Cha kushoto kilifunga lakini kiti kikawa kinacheza juu na chini. Mshonaji alipopima kitako kwa kalipa akakuta upande mmoja una milimita 3.5 na mwingine karibu 5, na hilo ni jambo la kawaida kwa faibaglasi iliyopakwa kwa mkono. Kifungio cha robo mzunguko huchaguliwa kwa urefu kulingana na jumla ya unene wa vitu vinavyobanwa. Milimita moja na nusu ya tofauti kwake ni kubwa kupita kiasi.

Siku iliyosimamisha majaribio haikuwa ya ajali. Dereva alifunga breki kwa nguvu kiasi akiwa kwenye mwendo mdogo, kiti kikateleza mbele mpaka kikagusa tangi, na alipoachia breki kikarudi na kugonga. Kitako kilipotolewa, matundu ya masikio ya mbele yalikuwa yamekuwa ya yai. Rangi kuzunguka matundu ilikuwa imesagika hadi chuma, na pembeni mwa chuma hicho kulikuwa na unga wa kahawia kama wa kutu. Unga huo si kutu ya mvua. Ni chuma kinachosagana na chuma kwa mijongeo midogo isiyoonekana, kisha chembe zake zikashika kutu papo hapo. Nati moja ya kucha ilikuwa inazunguka ndani ya faibaglasi pamoja na skrubu yake.

Swali lilivyobadilika

Mpaka hapo kila mmoja alikuwa akiuliza ni skrubu gani itakayofaa. Fundi alipoyaona yale matundu ya yai aliweka kando boksi la vifungio akauliza kitu kingine: kiti hiki kinasukumwa na nini, kuelekea wapi, na kila msukumo unapokelewa na nini?

Majibu yalikuwa matatu.

Kwanza ni uzito, unaoshuka. Mtu wa kilo 75 anakandamiza kwa takriban newtoni 735, na shimo la barabarani hulizidisha hilo mara kadhaa kwa muda mfupi. Uzito huu haupaswi kupita kwenye boliti hata kidogo. Kazi ya kuubeba ni ya fremu, kupitia raba.

Pili ni kwenda mbele na kurudi nyuma. Breki ya nguvu ya takriban 0.7 g, yaani sehemu 0.7 ya uzito wake, kwa mtu huyohuyo inaleta msukumo wa karibu newtoni 515, ingawa sehemu kubwa hupokelewa na mikono pamoja na magoti kwenye tangi. Unapoongeza mwendo, msukumo unageuka. Msukumo huu wa kwenda na kurudi ndio uliokuwa unakata matundu.

Tatu ni kuinuka, na ndiyo ndogo kuliko zote, lakini watu huisahau kwa sababu wanawaza kiti chenye mtu juu yake. Chukua pikipiki iliyofungwa juu ya trela, hakuna aliyeketi, gari linakwenda kilomita 100 kwa saa. Shinikizo la upepo kwa mwendo huo ni takriban paskali 460. Kiti chenye eneo la mita ya mraba 0.15, upepo ukikiingia kwa chini, kinaweza kuinuliwa kwa nguvu inayokaribia newtoni 70. Chenyewe kina uzito wa kilo 3 hivi, yaani newtoni 30. Kisipofungwa kinaruka.

Katika ufungaji wa kwanza kazi zote tatu zilibebeshwa skrubu nne za vidole.

Maamuzi ya mara ya pili, na sababu zake

Uzito ulipewa raba nne, zilizokaa juu ya mabomba ya fremu karibu na pale makalio yanapokaa. Zilikatwa ziwe ndefu kwa milimita 1 hadi 2 kuliko pengo lililopo, ili kiti kikifungwa ziwe tayari zimebonyea. Raba isiyobonyea haizuii mlio, na kiti kinabaki na nafasi ya kucheza.

Msukumo wa mbele na nyuma ulipewa ulimi na vigingi. Ulimi ni bapa la chuma la milimita 3 lililotoka mbele ya kitako na kuingia kwenye mfuko uliochomelewa chini ya mwisho wa tangi, likiwa limevishwa kipande cha tyubu ya gurudumu. Vigingi ni vyuma viwili vya mviringo, kipenyo milimita 10, vilivyosimama kwenye bomba la mkia na kuingia kwenye bushi za raba ndani ya kitako. Kuanzia hapo kiti kilikaa mahali pake hata bila boliti. Ungeweza kukisukuma kwa goti kisiende popote, ila kukiinua nyuma tu.

Iliyobaki ni kuzuia kuinuka kwa nyuma, na hapo ndipo swali la kifungio lilipopata maana. Yaliyowekwa mezani yalikuwa haya.

Kufuli la kiwandani lenye ufunguo. Kwa maoni yangu hili ndilo lililostahili kuzingatiwa kabla ya mengine yote. Tazama chini ya kiti cha pikipiki nyingi za kiwandani: ulimi mbele, raba katikati, komeo nyuma. Ni mgawanyo uleule ambao hawa waliufikia baada ya kupoteza skrubu kadhaa. Lilikataliwa kwa sababu bomba la mkia lilikuwa jembamba mno, komeo halikuwa na mahali pa kukaa, na fundi hakutaka kukata tena fremu aliyokwisha kuichomelea.

Klipu ya R, yaani pini ya waya iliyopindwa kwa umbo la herufi R. Kigingi kinatobolewa, kinapita hadi upande wa pili wa kitako, na klipu inachomekwa kwenye tundu. Hakuna thredi wala spana, na hakuna cha kulegea. Inahitaji tu raba zenye kubonyea vya kutosha ili klipu iwe inavutwa muda wote isigongegonge. Kwa mtu anayefungua kiti kila siku ningeichagua hii bila kusita, huku klipu ikifungwa kwa uzi wa waya isipotee. Mwenye pikipiki aliikataa kwa sura. Ni kiti chake.

Nati ya nailoni, ile yenye pete ya nailoni ndani inayobana thredi. Hutegemewa sana, na kwa haki, lakini nailoni yake huchoka kila inapofunguliwa na kufungwa. Kwa kitu cha kutolewa kila wiki ingebidi kubadilishwa mara kwa mara, na ilipaswa kukaa ndani ya kitako ambako haibadilishiki kirahisi.

Boliti ya kawaida ya M6, daraja la 8.8 (kiwango cha uimara wa chuma chake), ikazwe kwa mkazo wa kweli. Hii ndiyo iliyochaguliwa, mbili tu, zote nyuma. Mwenye pikipiki alinung'unika kuhusu spana. Wakakubaliana kuwa aleni moja (ufunguo wa pembe sita) itashikizwa chini ya kiti cha dereva pembeni, mahali panapofikika bila kufungua chochote.

Kuna jambo la kueleza kuhusu namna boliti hizi zilivyowekwa, maana ukinunua zilezile ukaziweka kama zamani hutaona tofauti kubwa. Nati za kucha zilichimbuliwa. Mahali pake paliwekwa sahani ya chuma ya milimita 3 yenye nati iliyochomelewa, ikazikwa kwenye tabaka mpya za faibaglasi huku uso wake ukiachwa wazi, ili sikio la fremu liguse chuma na si faibaglasi. Rangi ya unga ilikwanguliwa pale vinapogusana, pakapakwa grisi nyembamba. Chini ya kila sikio palichomelewa kipande cha bomba nene, urefu milimita 20, ambacho boliti inapita ndani yake. Kila boliti ikavishwa pete ndogo ya raba kwenye thredi ili ikifunguliwa ibaki ndani ya bomba isianguke.

Mkazo uliowekwa ni Nm 10 (newtoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha), kwa spana ya kupimia.

Matokeo

Fundi alichora mstari mwembamba wa rangi nyeupe kutoka kwenye kichwa cha kila boliti hadi kwenye bomba lake. Boliti ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika. Ni njia rahisi kuliko kushika boliti kwa mkono na kuhisi, na hukagua bila kugusa. Kila kiti kilipofungwa upya mstari ulichorwa upya, na baada ya wiki nyingi za matumizi, barabara ya vumbi ikiwemo, haukuonekana umekatika. Matundu hayakuongezeka. Mlio uliisha, isipokuwa ulimi uliokuwa ukigonga mpaka kile kipande cha tyubu kilipoongezwa tabaka la pili.

Mambo mawili hayakwenda sawa. Boliti za kwanza zilikuwa za kichwa cha aleni, na kwa kuwa zinaingilia kutoka chini, tope la gurudumu la nyuma lilijaa kwenye kile kitundu cha pembe sita na kukauka. Aleni ikawa haizami hadi mwisho, na pembe za kitundu zikaanza kuliwa. Zilibadilishwa kwa boliti za kichwa cha nje, spana namba 10, na aleni iliyoshikizwa chini ya kiti ikampisha kispana kifupi. Mwenye pikipiki, ambaye mwanzoni hakutaka kusikia habari ya spana, hakusema neno.

La pili lilikuwa kubwa zaidi. Kiti kirefu kilitengenezwa baadaye, kwa kupima kutoka kwenye pikipiki badala ya kutoka kwenye kitako cha kwanza. Bushi zake zilikosa vigingi kwa milimita 2 hivi. Mshonaji alilazimika kuzitoa, kupanua nafasi, na kuzibandika upya kiti kikiwa mahali pake. Ubao mmoja wenye matundu mawili na alama ya ulimi, uliotobolewa mara moja na kutumika kwa vitako vyote viwili, ungeokoa kazi hiyo yote.

Uchambuzi: kwa nini skrubu zilikuwa zinatoka

Ni rahisi kusema kwamba zilikazwa kidogo. Hesabu inaonyesha jambo la ajabu zaidi. Vidole kwenye kishikio cha plastiki hutoa mkazo wa takriban Nm 1.5, ambao kwa M6 unaleta nguvu ya kubana ya newtoni 1,250 hivi. Skrubu nne zinafanya 5,000, na kwa msuguano wa wastani hizo zingezuia msukumo wa pembeni wa karibu newtoni 1,000. Breki zinaleta nusu yake. Kwa maana hiyo, siku ya kukabidhi kile kiti kilikuwa kimefungwa vya kutosha.

Shida ni kwamba nguvu ile haikudumu. Boliti iliyokazwa hubana kwa sababu imevutika kidogo, nayo inataka kurudi. Skrubu ya M6 inayobana urefu wa milimita 5 kwa newtoni 1,250 inavutika kiasi cha milimita 0.0015. Unyumbufu wa faibaglasi unaongeza kidogo, lakini bado ni kiasi ambacho rangi ya unga, yenye unene wa makumi ya maikroni (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), inakimeza mara tu inapokandamizwa na kutulia. Faibaglasi nayo hulegea polepole inapobanwa muda mrefu. Skrubu haikuhitaji kuzunguka ili ilegee: kilichokuwa chini yake kilizama, mvuto ukaisha.

Mvuto ukishaisha, msukumo wa pembeni unafanya yaliyobaki. Mhandisi Gerhard Junker alionyesha mwaka 1969 kwamba kinachofungua boliti hasa ni mtikisiko wa kukatiza, ule unaofanya vipande viwili viteleze kimoja juu ya kingine, kuliko mtikisiko wa kwenda sambamba na boliti. Kila mtelezo mdogo unaiondolea thredi msuguano kwa kitambo, na boliti inarudi nyuma kidogo. Ndiyo maana washa za springi hazikusaidia. Springi ya namna hiyo hulala bapa kwa nguvu ndogo, na ikishalala ni washa tu, na dhidi ya kuteleza pembeni haina la kufanya.

Sasa linganisha na ufungaji wa pili. Nm 10 kwenye M6 huleta newtoni 8,000 hivi, zikiwa bado chini ya kiwango ambacho boliti ya 8.8 huanza kuvutika bila kurudi tena, yaani karibu newtoni 12,900. Kile kipande cha bomba cha milimita 20 kimeifanya boliti ibane urefu wa takriban milimita 25, kwa hiyo imevutika milimita 0.05 hivi, zaidi ya mara thelathini ya mwanzo. Chuma kikitulia kidogo, bado imebaki akiba. Na kwa kuwa vigingi na ulimi vinazuia kuteleza, ule mtikisiko wa kukatiza haufiki kwenye thredi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na ushauri wa haraka ambao mwenye pikipiki alikuwa amepewa na wengi, wa kuweka M8. Boliti nene ikikazwa kwa nguvu ileile inavutika kidogo kuliko nyembamba, kwa hiyo inapoteza nguvu yake upesi zaidi kitu kikizama chini yake. Unene ungesaidia kama boliti zilikuwa zinakatika, na hakuna hata moja iliyokatika. Tatizo lilikuwa kulegea, na kwa kulegea unataka boliti nyembamba na ndefu, ikazwe ipasavyo.

Kuhusu vifungio vya robo mzunguko, sivilaumu. Viliwekwa mahali pasipovifaa, kama komeo zuri kwenye mlango usio na bawaba. Kwa kitako cha sahani ya alumini yenye unene uleule kila mahali, na kukiwa na ulimi na vigingi vya kubeba msukumo, vingeweza kufanya kazi yao, na mwenye pikipiki angepata kiti chake kisichohitaji spana.

Vya kuangaliwa kwenye pikipiki hii kuanzia sasa ni raba. Raba hukauka kwa joto la injini na kupungua kimo, na zikishapungua ile milimita 1 hadi 2 ya kubonyea inaisha, hata kama mistari nyeupe haijakatika. Fundi amempa mwenye pikipiki seti ya ziada, pamoja na mkanda wa abiria wa kujishikilia ambao sasa umefungwa kwenye fremu na si kwenye kitako cha kiti kirefu, maana abiria anayening'inia kwenye mkanda huo anavuta kwenda juu kwa nguvu inayouzidi upepo wa trela mara nyingi.